Araki, Panchi na Kokteli: Safari ya Kinywaji cha Ramu

Kileo kiitwacho kokteli ya nchi za joto chajulikana leo katika baa za miji mingi ya dunia. Hutolewa katika bilauri ndefu yenye barafu, pamoja na kipande cha nanasi au jani la nanaa, nacho huwa na ramu, maji ya ndimu na shira. Wanywaji wengi hudhani kwamba ni kinywaji cha kale cha watu wa visiwani, ambacho wasafiri walikikuta tayari chini ya minazi wakakichukua kwao. Dhana hiyo si ya kweli. Vitu vyake ni vya nchi za joto, lakini kuchanganywa kwake kuna tarehe, kuna mahali, na kuna watu. Na wengi katika watu hao ni wale ambao majina yao hayakuandikwa juu ya chupa wala juu ya milango ya baa. Makala haya yafuata safari ya kinywaji hicho tangu shamba la miwa mpaka nyumba na baa za karne ya 20. Na kwa kuwa maneno mara nyingi huhifadhi yale ambayo wenye mali hawakupenda kuyaandika, maneno nayo yatatumika kuwa mashahidi.

Jasho na idadi ya tano

Kwa asemaye Kiswahili, majina ya vitu hivi si mageni. Sukari yatoka katika sukkar ya Kiarabu, nayo ina asili yake katika lugha za Bara Hindi. Shira ni neno la Kiajemi na Kihindi. Sharubati yatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kunywa, na katika shina hilohilo Waingereza walipata jina la mchanganyiko wao wa zamani wa ramu, maji ya matunda na sukari, walioutaja kwa neno shrub. Bahari ya Hindi ilikuwa na maneno haya yote kabla hakijapandwa kijiti kimoja cha muwa katika Amerika.

Neno lililo na maana kubwa kuliko yote ni araki. Katika Kiarabu, maana ya kwanza ya ‘araq ni jasho. Kileo kikikenekwa, yaani kikichemshwa chomboni na mvuke wake kupozwa, hudondoka tone kwa tone mfano wa jasho katika paji la uso, na ndiyo sababu kikapewa jina hilo. Huko Goa na Ceylon tembo la mnazi lilikenekwa likawa araki, na kwingineko araki ilitengenezwa kwa mchele au kwa sukari. Mabaharia na wachuuzi wa Kiingereza waliofika Bara Hindi katika karne ya 17, bia yao ikiharibika kwa joto la safari na mvinyo wao wa zabibu ukiisha, waliikuta araki hiyo wakaishika.

Hapo ndipo panchi ilipozaliwa. Jina lake laonekana katika barua ya mwaka 1632 iliyoandikwa na mtumishi wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Baadaye tabibu John Fryer, aliyesafiri katika Bara Hindi na Ajemi na kuchapisha habari zake mwaka 1698, alieleza kwamba jina hilo latoka katika neno la Kihindi la idadi ya tano, kwa kuwa vitu vyake ni vitano: araki, sukari, maji ya ndimu, maji, na viungo. Wako wataalamu waliopinga asili hiyo, wakasema kwamba neno limetoka katika jina la Kiingereza la pipa. Hoja yao si ya kudharauliwa, maana mapishi ya zamani hayakuwa na vitu vitano sikuzote. Lakini hata kama jina lina shaka, jambo lenyewe halina shaka: mpango wa kuchanganya kikali, kitamu, kichungu cha ndimu, chepesi na kiungo ulitoka Bahari ya Hindi ukaenda magharibi. Visiwa vya Karibi viliupokea, wala havikuuanzisha.

Miwa na Muua Shetani

Muwa asili yake ni Guinea Mpya. Ulifika Bara Hindi, ukaletwa na Waarabu mpaka nchi za Mediterania, ukapandwa Madeira na visiwa vya Kanari, na mwaka 1493 Columbus akauchukua katika safari yake ya pili mpaka Hispaniola. Waingereza walikaa Barbados mwaka 1627, na katika miaka ya 1640 wakaanza kugeuza kisiwa kizima kuwa shamba la sukari.

Maji ya miwa yakichemshwa na sukari kuganda, hubaki asali nyeusi isiyoganda. Kwa mwenye shamba asali hiyo ilikuwa taka. Ilipochanganywa na mapovu ya masufuria na maji, ikaachwa ichachuke, kisha ikakenekwa, taka ikawa mali. Kinywaji hicho kipya Waingereza walikiita kill-devil, yaani Muua Shetani, na pia rumbullion, ambalo hudhaniwa kuwa ndilo lililokatwa likawa ramu. Richard Ligon, aliyekaa Barbados tangu 1647 mpaka 1650 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1657, alikitaja kuwa kikali na kisicho kizuri mdomoni, akaeleza kwamba watumishi na watumwa walipewa kikombe kidogo wakiugua.

Kazi ya kinu haikuwa na huruma. Mtumwa aliyelisha miwa usiku, akisinzia, aliweza kuvutwa mkono na magurudumu, na katika viwanda vingi shoka liliwekwa karibu ili mkono ukatwe kabla mwili haujafuata. Ramu yenyewe iligeuzwa kuwa fedha ya kununulia watu wengine. Merikebu za Rhode Island zilipakia ramu iliyotengenezwa huko kwa asali ya miwa ya Karibi, zikavuka mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi, zikarudi na watumwa. Hivyo muwa ulizaa ramu, na ramu ikanunua mikono ya kukata muwa.

Pwani ya Afrika ya Mashariki nayo haikuachwa nje. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja. Wengi waliochukuliwa pwani hii katika miaka hiyo walipelekwa Île de France, ambayo leo ni Mauritius, na Bourbon, ambayo leo ni Réunion. Miwa ilikuwa imeletwa Mauritius na Waholanzi tangu 1639, na baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1810, sukari ikawa nguzo ya uchumi wake. Wengine walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema wakafikishwa Saint-Domingue, koloni lililopita yote kwa sukari, ambalo watumwa wake waliondoka kwa vita mwaka 1791, na mwaka 1804 likawa dola huru ya Haiti.

Wafaransa waliita ramu guildive. Neno hilo si jingine ila kill-devil iliyoviringwa katika ulimi wa Kifaransa. Utumwa ulikomeshwa Mauritius mwaka 1835 na Réunion mwaka 1848. Mpaka leo watu wa Réunion hutia vanila, maganda ya matunda na viungo katika chupa ya ramu, wakaiacha ikae nyumbani kwa wiki au miezi, kisha wakamkaribisha mgeni kwayo baada ya chakula. Katika desturi hiyo ya nyumbani huonekana ufundi wa visiwa vya Bahari ya Hindi wenyewe, usiotegemea baa wala kitabu.

Amri ya mwaka 1740

Mabaharia wa Uingereza walikuwa na haki ya kupewa nusu painti ya ramu kila siku, nao waliinywa bila maji. Tarehe 21 Agosti 1740, Amiri Edward Vernon, akiwa katika bahari ya Karibi, aliamuru kila nusu painti ichanganywe na painti mbili za maji, igawanywe mara mbili kwa siku. Aliongeza kwamba baharia mwema, akibakiza kitu katika posho yake ya chumvi na mkate, aweza kununua sukari na ndimu ili kinywaji kipendeze. Kwa kuwa Vernon alivaa koti la kitambaa kiitwacho grogram, mabaharia walimpa jina la utani la Grog, na jina likahamia kinywaji. Mtu aliyelegea kwa ulevi akaitwa kwa Kiingereza groggy. Kipimo cha ramu katika jeshi hilo la majini kilidumu mpaka tarehe 31 Julai 1970.

Amri hiyo yastahili kuangaliwa vizuri. Ramu, ndimu, sukari na maji: vitu hivi, kikiongezwa barafu, ndivyo vilivyo ndani ya kokteli ambazo baadaye zilidaiwa kuvumbuliwa na huyu au yule. Vernon mwenyewe hakudai kuvumbua. Alitaka tu watu wake wasianguke kutoka katika milingoti. Ndimu iliingizwa kwa ladha. Faida ya malimau dhidi ya kiseyeye ilionyeshwa na tabibu James Lind mwaka 1747, na mwaka 1795 ndipo jeshi hilo lilipoanza kuyatoa kwa utaratibu.

Huko Barbados watu walikuwa na kanuni yao ya kukumbuka: kipimo kimoja cha ndimu, viwili vya sukari, vitatu vya ramu, vinne vya maji au barafu, na kungumanga juu yake. Kanuni hiyo haina mwandishi. Ilikaa kichwani na mkononi mwa waliochanganya, na wengi wa hao hawakuruhusiwa kukaa mezani.

Kutoka bakuli mpaka bilauri

Katika karne ya 18 panchi ilikuwa kinywaji cha nyumba ya mwenye nafasi. Bakuli kubwa la kaure liliwekwa katikati ya meza, kungumanga ikakunwa juu yake, na wageni wakachotewa kwa upawa. Huko Uingereza ndimu na sukari vilikuwa vitu vya gharama, kwa hiyo bakuli lilionyesha ukarimu pamoja na utajiri. Kunywa kulikuwa kwa ushirika: bakuli halikwisha mpaka mazungumzo yameisha.

Mambo matatu yalibadili desturi hiyo katika karne ya 19. La kwanza ni barafu. Frederic Tudor wa Boston alipeleka barafu ya maziwa ya Marekani mpaka Martinique mwaka 1806, na mwaka 1833 ikafika Calcutta. La pili ni mtambo. Mwaka 1830 Aeneas Coffey wa Ireland alipata hati ya kumiliki mtambo wa kukeneka mfululizo, uliotoa kileo chepesi na kwa wingi kuliko chungu cha zamani. Mwaka 1862 Facundo Bacardí Massó alianzisha kiwanda chake Santiago de Cuba, akachuja ramu kwa makaa mpaka ikawa nyepesi, tofauti na ramu nzito ya Jamaika. La tatu ni baa. Mwaka huohuo wa 1862 Jerry Thomas alichapisha Marekani kitabu cha kuchanganya vileo chenye mapishi mengi ya panchi. Lakini mteja wa baa hakuwa na saa tatu za kuzunguka bakuli. Panchi ikapunguzwa ikawa ya mtu mmoja, ikatikiswa kwa barafu, ikanywewa kwa haraka.

Vita vya 1898

Tarehe 22 Juni 1898 majeshi ya Marekani yalishuka Daiquirí, kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, kupigana na Hispania. Karibu na hapo palikuwa na migodi ya chuma, na yasimuliwa kwamba mhandisi Mmarekani aitwaye Jennings Cox aliwachanganyia wageni wake ramu, ndimu na sukari, akakiita kinywaji hicho kwa jina la kijiji. Jina laweza kuwa lake. Mchanganyiko ulikuwa na umri wa karne na nusu tangu amri ya Vernon.

Vita hivyo vilikuwa na matokeo ambayo waandishi wa vileo huyasahau. Kwa mkataba uliovimaliza, Marekani ilitwaa Puerto Rico na Ufilipino. Kuba ikawa jirani iliyofunguliwa kwa wageni. Puerto Rico ikawa nchi ya ramu chini ya bendera ya Marekani. Na vijana wa Kifilipino, wakiwa raiya wa dola iliyowatawala bila kuwapa uraia, wakaanza kuvuka Pasifiki kutafuta kazi California.

Tangu Januari 1920 mpaka Desemba 1933 vileo vilipigwa marufuku Marekani. Wenye nauli walikwenda Havana. Katika baa ya El Floridita, Constantino Ribalaigua, mzaliwa wa Catalonia, aliipika upya daiquiri kwa barafu iliyosagwa na kwa vipimo vya uangalifu mkubwa. Mtu huyu ni miongoni mwa mafundi wachache wa kaunta ambao jina lao limehifadhiwa.

Visiwa vilivyojengwa Hollywood

Marufuku ilipoondolewa, Ernest Gantt, kijana aliyekuwa amezunguka bahari nyingi, alifungua baa ndogo Hollywood. Aliipamba kwa mianzi, nyavu na mabaki ya merikebu, akaiita kwa jina la Beachcomber, kisha mwenyewe akabadili jina akawa Donn Beach. Wakati huo ramu ilikuwa rahisi kuliko wiski. Alichanganya ramu za nchi mbili au tatu katika bilauri moja, akatia ndimu, maji ya balungi, shira ya mdalasini, na falernum ya Barbados, ambayo ni shira ya ndimu, tangawizi, lozi na karafuu. Kokteli yake iitwayo Zombie ya mwaka 1934 ilikuwa kali hata mteja hakuruhusiwa kupata zaidi ya mbili. Huo, kwa kweli, ulikuwa mpango wa kale wa panchi, uliorudishwa na kuvishwa mavazi ya bahari nyingine.

Karafuu iliyo ndani ya falernum yakumbusha jambo. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba zilitoa sehemu kubwa kuliko nchi yoyote ya karafuu za dunia, nazo zilichumwa kwa mikono ya watumwa mpaka hadhi ya utumwa ilipoondolewa kisheria mwaka 1897. Sukari ya magharibi na kiungo cha mashariki vilikuwa na historia moja kabla havijakutana katika bilauri.

Mshindani wa Donn Beach alikuwa Victor Bergeron wa Oakland, aliyejulikana kwa jina la Trader Vic. Alikwenda Havana mwaka 1938 kujifunza kwa Ribalaigua, na mwaka 1944 akatoa Mai Tai. Jina ni la Kitahiti, lenye maana ya uzuri. Ramu yake ilikuwa ya Jamaika, ya miaka 17. Sharubati ya lozi ilikuwa ya Kifaransa. Kileo cha machungwa kilikuwa cha Kiholanzi. Katika bilauri ile hapakuwa na kitu kilichotoka Tahiti ila neno. Donn Beach alidai kwamba asili ya kinywaji hicho ni yake, na ugomvi wao ulidumu miaka mingi. Hakuna aliyewauliza Watahiti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorudi kutoka Pasifiki walizipenda baa hizi, na mwaka 1959 Hawaii ilipofanywa jimbo la Marekani zikazidi kuenea. Puerto Rico ilitoa piña colada, ya ramu, nanasi na tui zito la nazi lenye sukari, ambayo hutajwa kuwa ya Ramón Marrero, mhudumu wa hoteli ya Caribe Hilton, mwaka 1954. Mwaka 1978 kisiwa hicho kilikitangaza kuwa kinywaji chake cha taifa.

Siri na daftari

Katika miaka ya 1950 watu wengi wa Marekani walijenga vijibaa vya mianzi majumbani mwao. Bergeron alikuwa ameuza vitabu vya mapishi tangu 1946. Donn Beach, kwa upande wake, alificha. Chupa zake ziliandikwa namba na majina ya siri, hata mfanyakazi aliyehamia baa nyingine asiweze kuiba pishi. Waliotaka kuiga nyumbani walikisia, wakajaza maji ya nanasi ya kopo, na kinywaji kikaharibika mpaka kikadharauliwa.

Waliochanganya vinywaji hivyo nyuma ya ukuta walikuwa Wafilipino kwa wingi. Mwaka 1934 sheria ya Marekani iliwawekea kikomo cha wahamiaji 50 kwa mwaka. Mbele ya ukuta, wateja waliambiwa kwamba wako katika visiwa vya Bahari ya Kusini. Nyuma yake, watu wa visiwa vya kweli walikata ndimu na kupima shira. Mmoja wao, Ray Buhen, aliyefanya kazi kwa Donn Beach tangu siku za mwanzo, alifungua baa yake mwenyewe, Tiki-Ti, huko Los Angeles mwaka 1961.

Mwingine, Dick Santiago, aliweka daftari la mfukoni la mwaka 1937 lenye mapishi ya kazini. Mtafiti Jeff Berry alipewa daftari hilo na jamaa zake, akalinganisha na maelezo ya wengine waliofanya kazi pale, na mwaka 2007 akachapisha pishi la kwanza la Zombie. Kitu kilichoitwa mchanganyiko wa Don kikajulikana kuwa sehemu mbili za maji ya balungi na moja ya shira ya mdalasini. Pishi ambalo mwenye baa alilifunga kwa namba lilifunguliwa na maandishi ya mwajiriwa wake.

Daftari hilo ni kama kanuni ya Barbados na ni kama neno araki. Mwenye shamba aliandika mapipa, mwenye baa aliandika jina lake mlangoni. Lakini vipimo vilikaa kwa waliopima. Anywaye leo ramu kwa ndimu na shira, akiwa nyumbani au katika baa, anywa kitu kilichokusanywa na mabaharia wa Bahari ya Hindi, wakata miwa wa Barbados na Mauritius, wachuma karafuu wa Pemba, na vijana wa Kifilipino wa Hollywood. Waarabu walipotazama matone yakidondoka katika chombo cha kukenekea, waliyaita jasho. Hawakukosea.